Bashiru, Umetembea au Hukutembea?

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitamfupishia.

Mimi ni Bashiru, fundi cherehani wa Mabatini hapa Mwanza, mtu wa kilo mia moja na kumi na nane. Zahanati ya mtaani kwetu iliniandikisha mimi na mke wangu Sada kwenye kundi la watu wenye uzito mkubwa. Kila mmoja alivishwa kisaa cha kuhesabu hatua, na Nesi Dorcas akatuambia tutakuwa pamoja mwaka mzima, kwa sababu kupungua si kazi, kazi ni kubaki umepungua.

Sada ndiye aliyenisukuma. Baba yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na umri wangu huu huu, miaka arobaini na tisa. Sada aliniambia, "Baba Zuhura, mimi ujane siutaki. Tutembee wote, tuzeeke wote." Nikamwahidi.

Miezi mitatu ya kwanza nilitembea kweli, wallahi vile. Kilo tisa zikaniondoka. Halafu mvua za vuli zikaanza, nikasema nipumzike siku moja, na siku hiyo moja mpaka leo haijaisha.

Ndipo shetani aliponionyesha kanyagio.

Cherehani yangu ni ile ya miguu. Siku hiyo nilikuwa nashona mapazia mazito na kisaa kikawa kinanasa kwenye kitambaa, nikakivua mkononi nikakifunga kwenye kifundo cha mguu. Jioni kukitazama, hatua elfu kumi na sita na mia mbili! Na mimi sikuwa nimeinuka kitini ila kwenda msalani.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa nisikilizeni, na msianze kunicheka kabla sijafika mahali pa kuchekwa.

Ijumaa ile Nesi Dorcas alisoma majina ya kundi kuanzia chini kwenda juu. Sada alikuwa wa nne kutoka mkiani, hatua elfu tano. Majina yakaenda, yakaenda, mimi nasubiri, nadhani nimesahaulika.

"Na wa kwanza," akasema Nesi, "ni Bashiru! Tumpigie makofi!"

Wakanipigia makofi. Jamani, nakiri mbele yenu: nilipenda. Tangu nizaliwe sikuwahi kupigiwa makofi, hata siku ya harusi yangu walimpigia bibi harusi. Sada alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tukiwa wachumba.

"Kumbe unatembea hivi, mume wangu? Saa ngapi?"

"Mchana," nikasema. "Napeleka nguo za wateja."

Uongo ukishaanza haurudi nyuma. Wiki ya pili nikawa wa kwanza. Ya tatu, wa kwanza. Kukaja msimu wa sare za shule mwezi wa kwanza, nikakanyaga mpaka hatua elfu ishirini na moja kwa siku. Nesi Dorcas akaniuliza kama sina ndugu aliyewahi kukimbia mbio za taifa.

Tatizo likawa mzani. Mzani hauna aibu wala haujui makofi.

Kilo moja ikarudi, kisha ya pili. Nyumbani sikuwa na wasiwasi, maana mimi ni fundi. Kila Jumatano nilikuwa naachia mshono wa kiuno cha suruali zangu kwa upana wa kidole, napiga pasi, navaa. Sada akitazama anaona suruali ile ile inanikaa vile vile, anaridhika. Lakini zahanati huvai suruali yako tu ukaondoka, unapandishwa juu ya chuma.

Nesi Dorcas alikunja uso. "Hatua elfu kumi na sita kwa siku, na kilo zinapanda? Hii haiwezekani, Bashiru."

"Hata mimi nashangaa, nesi."

Akafikiri. Akamgeukia Sada. "Basi ni chakula. Mama Zuhura, unampikia nini huyu baba?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa, na mimi nikatazama dari.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikuona mafuta. Ugali wangu ukawa wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mlenda wa kuchemsha, matango, maharage yasiyo na nazi. Yeye mwenyewe alikula hivyo hivyo, akisema hawezi kula vizuri mbele yangu huku mimi nateseka. Alikuwa ananiomba msamaha, mnasikia? Anasema, "Nisamehe, Baba Zuhura, kumbe ni mkono wangu uliokuwa unakunenepesha."

Nikamjibu, "Nimekusamehe." Niandikieni hiyo kwenye faili la madhambi yangu, ukurasa wa kwanza.

Sasa aingie Mzee Kishore. Yeye ndiye mwenye duka la vitambaa ambalo mimi nashonea kwenye baraza lake, na chumba na sebule ninamoishi viko uani, nyuma ya duka. Amezaliwa hapa hapa Mwanza, baba yake kazaliwa hapa hapa, na tumbo lake huanza kuonekana kabla yeye hajafika. Mkwewe Shruti alikuwa amemnunulia kisaa kama changu, cheusi, na kila jioni anamdai hesabu.

Siku moja Mzee Kishore aliinama kuokota chaki yangu akakiona kisaa mguuni. Akabaki ameinama pale kwa muda mrefu. Nikajua nimekwisha.

Akainuka taratibu. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Fundi," akaninong'oneza, "mguu wa kushoto una kazi gani?"

"Hauna kazi, mzee. Unakanyaga tu na mwenzake."

Akavua kisaa chake akaniwekea juu ya meza ya cherehani. Tangu siku hiyo miguu yangu ikawa ya ubia: wa kulia wangu, wa kushoto wa Mzee Kishore. Yeye anakaa ndani kwenye feni anakunywa chai ya maziwa, mimi nje nawatembeza wote wawili.

Yote hayo yangeweza kuendelea kama isingekuwa Odeta.

Odeta ni mama wa Kikerewe, mjane, muuza samaki, sato wa kukaanga. Beseni kichwani, asubuhi mpaka jioni, Igogo mpaka Mabatini, Mabatini mpaka Nyamagana, anapita kila baraza. Naye aliingizwa kwenye kundi mwezi uliopita kwa sababu ya presha, ila Ijumaa za mkutano huwa njiani na beseni, hajawahi kunikuta pale. Huyo kisaa chake kilikuwa hakidanganyi mtu. Ijumaa iliyopita Nesi Dorcas hakusoma matokeo, aliyatuma kwenye kundi letu la wasapu. Nayanakili kama yalivyokuja:

"Bashiru na Odeta wametembea sana wiki hii. Bashiru 16,240 kwa siku, Odeta 16,215. Wengine tujitahidi kutembea kama hawa."

Simu ya Sada wakati huo ilikuwa inachajiwa Igogo, nyumbani kwa kaka yake Salum, kwa sababu kwetu umeme ulikatika. Salum ni fundi wa injini za mitumbwi, mtu wa swala tano, mtu asiyejua kundi wala kisaa. Simu ikalia mbele yake. Kwenye kioo ukatokea mstari wa kwanza tu.

Bashiru na Odeta wametembea sana wiki hii.

Salum alikaa chini. Dada yake aliporudi kuchukua simu, akamwonyesha.

"Kaka, hilo ni kundi la mazoezi," Sada akamwambia huku akicheka, akaufungua ujumbe wote auone. "Ni kutembea kwa miguu."

"Sawa. Wametembea wapi?"

Sada akafungua mdomo. Akaufunga, akausoma ujumbe tena.

"Wewe si unatembea kila alfajiri? Umewahi kukutana naye njiani?"

"Yeye anatembea mchana."

"Mchana nimepita pale mara ngapi? Namkuta kwenye cherehani. Sasa hebu ona hizi namba. Elfu kumi na sita, elfu kumi na sita. Tofauti hatua ishirini na tano. Sada, watu wawili wasiotembea pamoja watalinganaje hatua?"

Na mimi nawaambia, hata mimi ningekuwa Salum ningekata shauri hilo hilo.

Jumapili saa nane mchana nikiwa namalizia sketi za shule sebuleni kwangu, maana Jumapili duka likifungwa cherehani huingia ndani, mlango ukagongwa. Salum, kanzu nyeupe, kofia, na uso ambao haukuja kuomba maji.

"Shikamoo, shemeji," nikamwamkia.

"Marahaba." Nyuma yake akaingia Mzee Kishore, kaitwa awe shahidi kwa kuwa ni mtu mzima na ananiona kila siku. Mzee alikuwa amevaa heshima yote. Alikaa kwenye kiti kikubwa, akaweka mikono juu ya fimbo, na macho yake yakatua kwenye mguu wangu wa kushoto. Suruali ilikuwa ndefu. Akapumua.

Sada alikaa kwenye mkeka, mtandio umemfika kwenye nyusi.

"Bashiru," Salum akaanza, "sitazunguka. Nitakuuliza swali moja na utanijibu kwa neno moja. Umetembea au hukutembea?"

Ndugu wasomaji, nyinyi mnaosoma na chai mkononi, hebu njooni mkae kwenye kiti changu.

Nikisema nimetembea, nimetembea na Odeta, na nyumba imevunjika. Nikisema sikutembea, basi mimi ni tapeli wa miezi mitano, makofi yote nimeyaiba, mlenda wote Sada ameula bure. Maneno mawili tu, na yote mawili yananipeleka Jehanamu kwa njia tofauti.

"Swali gumu?" Salum akauliza.

"Nafikiria, shemeji."

"Mtu anafikiria kama ametembea?"

Mzee Kishore akakohoa. Nilimtazama nikitafuta msaada. Jasho lilikuwa linamtoka, maana nikianguka mimi anaanguka na yeye, na Shruti hatampa tena chai yenye sukari.

"Kama mtu mzima nitasema neno," akasema Mzee. "Mimi namwona fundi kila siku. Anatembea. Anatembea sana. Mwanaume mwenye afya lazima atembee."

"Astaghfirullah!" akasema Salum.

"Hata mimi nilitembea sana nilipokuwa kijana," Mzee akaendelea, akidhani anasaidia. "Marehemu mke wangu alifurahi."

Salum akanigeukia. "Umesikia shahidi wako. Sasa nataka kinywa chako."

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Wakati ule, kati ya kuitwa mzinzi na kuitwa mtu aliyepigiwa makofi kwa hatua za cherehani, roho yangu ilichagua uzinzi. Niliona uzinzi una hadhi kidogo. Ndivyo tulivyo wanaume, Mungu atusamehe.

"Nimetembea," nikasema.

"Na Odeta?"

"Njia... njia ni moja, shemeji."

Sada hakulia. Alifunika uso wote kwa mtandio, akabaki hivyo. Nilitaka kuyarudisha yale maneno kinywani niyameze na sikuweza.

Na pale pale, uani, tukasikia sauti tunayoijua mtaa mzima.

"Sato wa motooo! Sato wa kukaangaaa!"

Salum akasimama kama aliyeitwa na afande. Akafungua mlango wa uani. "Wewe ndiye Odeta? Ingia!"

Odeta akaingia na beseni lake, akidhani amepata mteja wa jumla. Akalitua chini, akafunua karatasi. "Wapo wakubwa na wapo wa wastani. Niwafungie wangapi?"

"Hatutaki samaki," Salum akasema. "Tunataka ukweli. Huyu mwanaume unamjua?"

Odeta akanitazama, uso wake ukajaa huruma. "Namjua sana. Maskini."

"Amekiri mbele yetu kwamba ametembea na wewe."

Odeta alinitazama mimi. Akamtazama Salum. Akamtazama Mzee Kishore, ambaye sasa alikuwa anasoma dari.

"Ametembea na mimi? Huyu? Yesu na Maria! Huyu hajatembea hata na kivuli chake!"

"Kwa hiyo unakataa?"

"Baba yangu, mimi napita baraza hili mara sita kwa siku. Sijawahi kumwona huyu amesimama. Akitaka samaki ananyoosha mkono tu, hela mkononi, kiti hakitoki. Mimi nilijua hana miguu, yule Bashiru wa kundini nikadhani ni mwingine! Nimemwombea kanisani Jumapili tatu mfululizo, nimemtaja na jina, Bashiru kiwete wa Mabatini! Na kila siku namwongezea kipande kwa huruma!"

Mtandio wa Sada ukateremka.

"Kipande gani?" akauliza taratibu.

"Cha samaki, dada. Ananunua vipande viwili, mimi namwongezea cha tatu. Kila siku ya Mungu."

"Cha kukaanga?"

"Sasa mimi nauza cha kuchemsha?"

Sada akainuka kwenye mkeka. Akanisogelea, nikakwepa macho yake, nikaona vumbi la alfajiri kwenye raba zake zilizokuwa pale kando ya mlango, na nikatamani kuwa hizo raba.

"Baba Zuhura, mimi nimekuwa nikijiuliza kwa nini kisaa chako hukivai mkononi. Ulisema kinakuwasha. Inua suruali."

"Mama Zuhura, mbele ya wageni..."

"Inua."

Nikainua ya kulia. Kisaa kikawaka, kinameremeta kama kimefurahi kuonekana: hatua elfu tisa mia nne, na ilikuwa Jumapili.

"Na ya kushoto."

"Kushoto hakuna kitu."

Mzee Kishore akasimama ghafla. "Mimi nimekumbuka nimeacha maji jikoni."

"Kaa, mzee," Salum akasema.

Nikainua ya kushoto. Kisaa cheusi, kipya, elfu tisa mia nne na tatu.

"Hiki cha nani?" Sada akauliza.

Mzee Kishore alikuwa amekishika kifundo cha mkono wake pale ambapo kisaa kilipaswa kuwepo, kama mtu aliyeumwa na nyuki. Odeta ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alinisukumia kiti mpaka kwenye cherehani.

"Hebu kanyaga."

Nikakanyaga. Elfu tisa mia nne na kumi. Elfu tisa mia nne na ishirini. Mashine inalia, namba zinapanda kulia na kushoto, na mimi nimekaa pale pale.

Odeta alicheka mpaka akakaa chini karibu na beseni lake. Salum naye alianza kwa kujizuia, mdomo ukamshinda, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Alhamdulillah!" akasema huku anafuta machozi. "Alhamdulillah! Basi hakuna kosa! Shemeji yangu hajatembea na mtu! Hajatembea kabisa! Sada, mambo yamekwisha, leta chai."

Sada hakuwa anacheka.

"Afadhali angetembea naye," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Afadhali angetembea naye, kaka. Ningejua nakasirikia nini." Akanigeukia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Miezi mitano, Bashiru. Mvua ilinikuta Mabatini juu mara sijui ngapi. Mbwa wa pale kwenye mawe wananijua. Goti hili likiuma nataka kurudi, najiambia, mwenzangu anatembea elfu kumi na sita, mimi nashindwa elfu tano? Naona aibu, naendelea. Kila Ijumaa nasomwa mkiani, naona aibu, naendelea."

"Sada..."

"Nimekuletea magauni matatu uyapunguze. Umeyapunguza kwa mkono wako. Ulinipima kiuno, ukaandika na chaki. Wewe ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba natembea kweli. Na hukusema hata hongera."

Nilikumbuka kiuno chake kwenye futi yangu, inchi tatu pungufu, na jinsi nilivyoandika ile namba haraka haraka ili nisiitazame mara mbili.

"Nilidhani tunatembea wawili," akasema. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

Akavaa raba. Akachukua mkoba wake.

"Nakwenda kwa kaka."

"Ngoja nisimamishe bajaji," Salum akasema, akiokota kofia.

"Panda wewe. Mimi nina miguu."

Akatoka.

Nilikaa kwenye kile kiti labda dakika moja. Mzee Kishore akanigusa bega, nikadhani ana neno la faraja. Akaninong'oneza, "Fundi, nipe kisaa changu kabla hujatoka." Nikatoka nacho.

Sada alikuwa ameshafika kwenye kona. Nikamfuata. Hatua mia za kwanza nilizitembea kama mwanaume, kifua mbele. Za pili kama mgonjwa. Tulipoteremka Mabatini kuelekea mjini nilikuwa naona nyota mchana kweupe, na mbele yangu khanga ya Sada ilikuwa inakwenda mwendo ule ule mmoja, haiharakishi, haipungui. Hapo ndipo nilipojua jinsi mwanamke huyu alivyokuwa anatembea. Huwezi kujifunza mwendo ule kwa wiki moja.

Bajaji ya Salum ikanifikia, ikapunguza mwendo, ikawa inakwenda sambamba na mimi.

"Shemeji, utakufa. Panda."

"Usimpandishe!" Sada akapaza sauti kule mbele, bila kugeuka.

"Umesikia mwenyewe," Salum akaniambia. "Basi pumua kwa pua."

Nyuma yetu Odeta naye anakuja, beseni kichwani, maana ile ndiyo njia yake ya kurudi Igogo. Kila nilipoegemea ukuta aliwaambia wapita njia, "Jamani mpisheni, huyu ni kiwete, leo ameponywa!" Watu walisimama kutazama. Wawili walinunua samaki.

Tukapita Nyamagana, maduka yamefungwa nusu, tukaishika barabara ya Igogo. Upepo wa ziwa ukanipiga usoni, nikaunywa kama uji. Shati lilikuwa limenigandia. Suruali ile niliyoiachia mshono kila Jumatano sasa ilikuwa inateremka kwa jasho, naishika kwa mkono mmoja. Lakini nilikuwa natembea, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja kila hatua ilikuwa yangu.

Nyumba ya Salum iko juu kidogo ya barabara, karibu na mawe. Sada alifika kwenye geti akasimama. Nikafika nimeinama, mikono kwenye magoti.

"Sada," nikasema. Nikavuta pumzi. "Nilikosa. Nilikudanganya. Nilipenda makofi."

Alitoa leso kwenye mkoba. Nilidhani ananipa mimi. Akafuta uso wake, akairudisha.

"Nimekusikia."

"Twende nyumbani."

"Bashiru, wewe unadhani hii ni safari ya siku moja. Nesi Dorcas alisema mwaka, ukamsikia kama wiki. Mimi nitakaa hapa. Kesho baada ya swala ya alfajiri nitatoka, nitapita Mabatini, nitarudi. Keshokutwa hivyo hivyo. Sitakugongea mlango na sitasimama kukungoja. Ukiwa barabarani, nitakuona."

"Na nisipokuwepo?"

"Nitakuona pia."

Geti likafungwa. Nikasikia raba zake zinapanda ngazi, kisha mlango wa ndani.

Goti langu la kulia lilikuwa limevimba kama embe. Kutoka pale hadi Mabatini ni njia ile ile niliyoikata, safari hii kwa kupanda. Jua lilikuwa bado kali. Bajaji ilikuwa imesimama pembeni yangu, kiti cha nyuma kitupu, kimefunikwa kitambaa laini cha maua, kwani Salum alikuwa ameshashuka.

"Shemeji," akaninong'oneza, akitazama nyumba kwa wizi, "ameshaingia ndani. Panda upesi nikulipie, kesho utaanza vizuri. Nani atajua?"

Dereva akawasha injini.

Nilijiambia ni goti tu. Nilijiambia alfajiri si mbali, na mtu mwenye goti bovu hawezi kutoka alfajiri. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya bajaji nilipoliona pazia la dirisha la mbele la nyumba likisogea.